Mahindi Yakijikunja Saa Saba Mchana

Mvua za Dodoma huanza Desemba, na kila anayelima kule anajua kwamba Februari zinaweza kukatika. Mwaka mwingine hukatika siku chache tu, mwaka mwingine wiki tatu. Ukipita shambani katika siku hizo, saa saba mchana, utayakuta mahindi yamejikunja. Jani lililokuwa pana asubuhi limejisokota kwa urefu wake, kingo zake zimekaribia kukutana, na shamba zima limegeuka rangi, kijani chake kimeingia ukijivu. Abiria kwenye basi husema, "Haya yamekwisha." Mwenye shamba hasemi hivyo. Atarudi saa kumi na mbili jioni kuangalia kama yamefunguka.

Na mwenye shamba ndiye anayejua. Jani linalojikunja mchana na kufunguka jioni halijazidiwa bado. Limepunguza eneo linalopigwa na jua, limefungia hewa yenye unyevu ndani ya mkunjo wake, na kwa hiyo maji yanayolitoka yamepungua. Wasiwasi uanze pale linapopambazukiwa likiwa bado limejikunja, maana hapo usiku mzima haukuitosha mizizi kurudisha kilichopotea mchana.

Mnyama akiona kiu hutembea kutafuta maji. Mmea hauna pa kwenda, kwa hiyo jibu lake kwa ukame, kwa joto, kwa chumvi au kwa njaa ya rutuba hutolewa palepale ulipoota, kwa kubadilisha kinachoendelea ndani ya mwili wake. Majibu haya ni mengi na mengine yana ustadi wa kushangaza, ila hakuna hata moja la bure. Mahindi, mtama, mkonge na muhogo hutofautiana hasa katika kile ambacho kila mmoja uko tayari kukipoteza.

Tundu moja, kazi mbili

Kwenye ngozi ya jani kuna vitundu visivyoonekana kwa macho, vile tulivyosoma shuleni kwa jina la stomata. Eneo la ukubwa wa ukucha kwenye jani la mahindi lina maelfu yake. Kila kimoja kimezungukwa na seli mbili walinzi: zikijaa maji hupinda na kuacha nafasi katikati, zikipungukiwa hulegea na nafasi ikafungika. Hapo ndipo hewa ya ukaa inapoingilia ili jani litengeneze sukari kwa nguvu ya mwanga, yaani usanisinuru. Hapohapo ndipo mvuke wa maji unapotokea. Ni sawa na duka lenye mlango mmoja: ukiufunga ili mwizi asiingie, mteja naye haingii.

Maji yanayopotea ni mengi kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya kila lita 100 ambazo mizizi imenyonya, 97 au zaidi huishia hewani. Lakini safari hiyo ina faida zake. Maji yanayotoka juu ndiyo yanayovuta mengine kutoka chini, na hayo hupanda yakiwa yamebeba nitrojeni na madini. Na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto na kulipooza jani.

Udongo unapokauka, chembe zake huyang'ang'ania maji yaliyobaki kwa nguvu zaidi, na mmea hulazimika kuvuta zaidi. Wataalamu wa udongo wameweka mpaka kwenye mvuto wa takriban mara 15 ya shinikizo la kawaida la hewa. Ukipita hapo, mazao mengi hunyauka na hayainuki hata usiku. Ajabu ni kwamba wakati huo udongo bado una maji. Ukiushika udongo wa mfinyanzi unaweza kuuhisi una ubaridi na unyevu, na bado mahindi yaliyomo yakafa kwa kiu, kwa sababu maji yapo ila hayavutiki. Na mvuto ukizidi, uzi wa maji ndani ya mirija ya mmea hukatika, kiputo cha hewa huingia, na mrija huo husimama kazi. Mahindi hujaribu kuizibua mirija usiku kwa msukumo unaotoka kwenye mizizi. Matone yanayoning'inia kwenye ncha na kingo za majani alfajiri si lazima yawe umande; mengi ni maji yaliyosukumwa kutoka chini, na ukiyaona ujue mizizi haijaishiwa.

Habari inafikaje juu?

Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: jani likikauka, seli walinzi hulegea, tundu hufungika. Kisha katika miaka ya 1980 watafiti wakafanya jambo la kijanja. Waliigawa mizizi ya mmea mmoja kwenye vyungu viwili, kimoja wakakimwagilia, kingine wakakiacha kikauke. Majani yalikuwa na maji ya kutosha kutoka upande uliomwagiliwa, lakini stomata zikaanza kufunga. Kwa hiyo jani lilipata habari za ukavu kabla halijakauka lenyewe.

Sehemu kubwa ya habari hizo husafiri kwa homoni iitwayo asidi ya absisiki, au ABA kwa kifupi. Ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyokuwa yakitafuta mambo tofauti kabisa: Marekani walikuwa wanachunguza kwa nini vitumba vya pamba hudondoka, na Uingereza wanachunguza kwa nini machipukizi ya miti hulala majira ya baridi. Kumbe walikuwa wameshika kitu kimoja. Mizizi huitengeneza, majani huitengeneza, na ikiifikia seli mlinzi hufungua njia ambazo potasiamu na chembe nyingine za chumvichumvi hutokea. Maji huzifuata, seli hulegea, tundu hufungika. Yote haya huchukua dakika tu.

ABA haiishii hapo. Huamsha jeni nyingi zilizokuwa zimelala. Seli huanza kulimbikiza sukari na kitu kiitwacho prolini, ambavyo husaidia kushikilia maji na kuzuia protini zisiharibike. Majani husimama kukua wakati mizizi bado inashuka. Hili la mwisho ni muhimu kwa anayetaka kuusoma mmea wake mapema, kwa sababu ukuaji wa jani husimama kabla usanisinuru haujapungua sana. Kabla mahindi hayajajikunja hata mara moja, majani yake mapya yameshaanza kutoka mafupi.

Hapa niseme neno kuhusu bustani za mboga. Anayenyunyizia maji kidogo kila jioni huifunza mizizi kubaki sentimita chache za juu, kwa kuwa ndipo maji yalipo. Siku pampu ikiharibika, mboga hizo huanguka kabla ya zile za jirani aliyekuwa akimwagilia kwa nadra lakini mpaka maji yazame.

Jua halisubiri

Tundu likishafungwa, jua linaendelea kuwaka. Klorofili inapokea mwanga uleule, lakini hewa ya ukaa ya kuutumia imepungua. Nishati isiyo na kazi huiangukia oksijeni na kuigeuza kuwa maumbo makali, peroksidi ya hidrojeni ikiwa mojawapo, yanayochoma utando wa seli, protini na hata vinasaba. Jani lina kinga zake. Rangi za manjano za karotenoidi huichukua nishati ya ziada na kuitoa kama joto tu. Vitamini C na E pamoja na vimeng'enya maalumu huzima makali yaliyokwisha kuzaliwa. Mimea mingine hujipaka zambarau, na jani la muhogo huning'inia lisitazamane na jua la mchana. Kujikunja kwa mahindi ni kazi hiyohiyo: kuukwepa mwanga pamoja na kubana maji.

Halafu kuna joto. Jani lisilotoa mvuke halipoi, na linaweza kupanda nyuzi kadhaa juu ya joto la hewa. Huhitaji kipimo: shika jani la mahindi yaliyomwagiliwa saa nane mchana, kisha shika la shamba lililojikunja, na kiganja kitakwambia. Protini zikipata joto hulegea umbo lake, na protini iliyopoteza umbo haifanyi kazi. Seli hujibu kwa kutengeneza haraka protini nyingine za kuzishikilia zile zisisambaratike. Mwitikio huu uligunduliwa mwaka 1962 na Mwitaliano Ferruccio Ritossa, tena kwenye nzi wa matunda, wala si kwenye mmea. Baadaye ikaonekana kwamba mahindi, hamira na binadamu wote wanazo protini za namna hiyohiyo.

Ukame na joto hutajwa kama majanga mawili, lakini ndani ya jani ni vigumu kuyatenganisha. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika. Kila siku ambayo joto lilizidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale maji yalipotosha, na kwa asilimia 1.7 pale palipokuwa na ukame. Joto lilelile, madhara karibu mara mbili, na sababu kubwa ni huo mlango uliofungwa.

Wiki ya ndevu

Mpaka hapa mahindi yamefanya kila kitu kwa akili. Yalipo na udhaifu ni kwenye uzazi.

Ua la kiume, mbelewele, liko kileleni. Ua la kike liko chini, kwenye hindi changa lililofunikwa maganda, na kila uzi wa ndevu unaotokeza umeunganishwa na punje moja. Uzi mmoja, punje moja. Usipopata chavua, punje yake haitakuwepo. Nyuzi hizo karibu zote ni maji, na ili zitokeze nje ya maganda ni lazima zirefuke kwa kasi. Na tumeshaona kwamba kurefuka ndicho kitu cha kwanza kukatwa mmea unapobana matumizi.

Mambo yakiwa mazuri, ndevu hutokeza siku moja hadi tatu baada ya mbelewele kuanza kumwaga chavua. Ukame ukiingia, mbelewele huendelea karibu na ratiba yake, ila ndevu huchelewa, wakati mwingine kwa wiki au zaidi. Zinapotokeza, chavua ya mmea ule na ya jirani zake imekwisha, na hata iliyobaki haidumu katika hewa kavu ya mchana. Ndipo unapata gunzi lenye punje zilizotawanyika, au lisilo na kitu. Bua liko wima, majani ni ya kijani, mvua imerudi, na mtu anayetazama kutoka barabarani anasema mwaka huu mahindi yamestawi.

Hata punje iliyopata chavua haijaokoka. Mlango uliofungwa umepunguza sukari, na mmea huanza kuangusha watoto. Watafiti Marekani walithibitisha jambo hili kwa namna ninayoipenda kwa urahisi wake: waliyanyima mahindi maji wakati wa kuchanua, kisha wakayaingizia mengine kimiminika chenye sukari moja kwa moja ndani ya bua. Mmea ulibaki na kiu ileile, lakini sehemu ya punje ambazo zingekufa zikaendelea kukua. Kilichokuwa kikiziua kilikuwa njaa zaidi ya kiu.

Kwa hiyo siku kumi bila mvua zina uzito tofauti kulingana na tarehe. Mahindi yaliyofika magotini hujikunja, husubiri, huendelea. Mahindi yaliyo kwenye wiki ya ndevu yanaweza kupoteza nusu ya mavuno kwa siku hizohizo kumi. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma aliyepanda Desemba anaiogopa Februari, na ndiyo maana wenye mashamba mawili hupanda moja mapema na jingine baadaye kidogo, wasiweke ndevu zote kwenye wiki moja.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kilianza katikati ya miaka ya 1970 huko Meksiko kuchagua mimea ambayo ndevu zake hazicheleweshwi na ukame. Kazi hiyo ikaletwa Afrika, na kuanzia 2007 mradi mkubwa wa mahindi yanayostahimili ukame ukafanya kazi katika nchi 13, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Maneno "inayostahimili ukame" kwenye mfuko wa mbegu huwapotosha watu. Kiu ya mahindi hayo haijaondolewa. Kilichobadilishwa hasa ni mpangilio wa siku chache za kuchanua na jinsi hindi linavyogawiwa chakula. Mvua ikikosekana kabisa, mbegu hiyo nayo hukauka.

Mtama, mkonge na mbuyu

Mtama una mpango mwingine. Ua lake la kiume na la kike viko pamoja kwenye suke lilelile, kwa hiyo lile tatizo la umbali halipo. Bua na maganda yake hufunikwa na nta nyeupe. Ipitishe kidole utaona alama inayobaki. Mizizi yake huchimba vizuri, na kabla ya kutoa suke unaweza kusimama kwa wiki kadhaa ukiwa umetulia, kisha mvua ikirudi ukaendelea. Aina fulani za asili za Ethiopia zimekuwa hazina kwa wazalishaji mbegu duniani, kwa sababu majani yake hubaki kijani hadi punje zinakomaa. Siri yao ni kubana mapema: majani madogo kiasi, machipukizi machache, maji yakabaki ardhini kwa ajili ya siku za kujaza punje.

Gharama? Mwaka wa mvua nzuri, mahindi huushinda mtama kwa mbali. Kisha kuna kwelea kwelea. Punje ya hindi imefunikwa. Ya mtama iko wazi juu ya suke, na kundi la ndege hao linaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Wanaowalaumu wakulima wa maeneo makavu kwa kung'ang'ania mahindi wangefanya vizuri kwanza washinde wiki mbili shambani wakipiga debe kufukuza ndege.

Mkonge umekwenda mbali zaidi: hufungua stomata usiku. Huingiza hewa ya ukaa gizani, wakati hewa ni baridi na maji hayapotei sana, huihifadhi kama asidi ndani ya seli, na mchana hufunga mlango na kuitumia hewa hiyo kutengeneza sukari. Nanasi hufanya vilevile. Mmea wa namna hii hauna haraka, kwa kuwa ghala la asidi lina ukomo na likiisha kazi ya siku imekwisha. Lakini ni mgumu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai Pwani ya Tanga ni 62, na kutoka hivyo yakaota mashamba yaliyoijaza Tanga.

Mbuyu huangusha majani sehemu kubwa ya mwaka. Watu husema shina lake nene ni tangi la kunywea kiangazi. Utafiti uliofanywa Madagaska ulionyesha kwamba maji hayo hutumika zaidi kuchipusha majani mapya kabla mvua hazijaanza, na mbuyu hauyagusi sana kwa matumizi ya kila siku. Akiba ile ni ya kuanzia msimu.

Maji ya chumvi, na maji yaliyozidi

Ufukweni maji yako tele, ila chumvi huyavuta upande wake vilevile udongo mkavu unavyoyavuta. Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni kwamba sodiamu ikiingia ndani ya seli hukaa pahali pa potasiamu na kuharibu kazi za vimeng'enya. Mikoko ya delta ya Rufiji na ya Lamu imelitatua jambo hili kwa njia zisizofanana, ingawa miti yenyewe inaota ubavu kwa ubavu. Mkoko wenye mizizi ya mikongojo huichuja chumvi iliyo nyingi mlangoni, kwenye mizizi. Mchu huiruhusu sehemu kubwa zaidi ipite, kisha huitoa jasho kupitia tezi za majani. Siku kavu, chuma jani la mchu, utaona chembechembe nyeupe juu yake, ulilambe. Ni chumvi hasa.

Mazao yetu hayana tezi hizo. Skimu za umwagiliaji zisizo na mitaro ya kutolea maji hupandisha chumvi juu kidogokidogo, maji yakivukizwa inabaki, na baada ya misimu kadhaa udongo huota ukoko mweupe. Mimea mingi huisukuma sodiamu kwenye majani ya zamani ili kuokoa machanga. Ndiyo sababu ncha za majani ya chini zikiungua wakati ya juu ni mazima, kumwaga maji zaidi ya namna ileile hakusaidii kitu.

Maji yakizidi, mmea unaweza kunyauka kama ulionyimwa maji. Mahindi yaliyosimama kwenye dimbwi siku mbili tatu hulegea, na wengi hawaelewi. Oksijeni hupita ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko ndani ya hewa, kwa hiyo mizizi hukosa pumzi, nguvu zake hupungua, na njia zake za kupitishia maji hufungwa. Mpunga umejiandaa: ndani ya mizizi yake kuna njia za hewa zinazoshuka kutoka majani. Mahindi huanza kuzichimba wakati gharika imeshafika, kwa kuua baadhi ya seli zake yenyewe, na mara nyingi yanakuwa yamechelewa.

Anayesikiliza mlangoni

Njaa ya rutuba nayo ina majibu yake, na hapa kuna kisa kinachonisikitisha. Mahindi au mtama ukikosa fosforasi, mizizi hutoa ardhini kemikali za kundi la strigolaktoni. Ni wito. Kuvu fulani rafiki huusikia, huja na kuungana na mizizi, huchimba fosforasi kule mizizi isikofika na kulipwa sukari. Lakini ardhini kuna mwingine anayesikia. Mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mimea mingine, ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala miaka mingi ikisubiri kemikali hizohizo. Ikizipata huota, hujishika kwenye mzizi na kunyonya chakula kabla haijatokeza hata jani moja juu ya ardhi. Kemikali ya kwanza ya kundi hili ilitambuliwa mwaka 1966 kama kiamshi cha mbegu za kiduha. Faida yake kwa mmea wenyewe, ule wito kwa kuvu, haikujulikana mpaka 2005. Karibu miaka 40 tulikuwa tunajua kwamba mmea unamwita adui tu, bila kujua ulikuwa unamwita nani hasa.

Kwa mkulima maana yake ni hii: ua zuri la zambarau la kiduha hutapakaa kwenye shamba lililochoka, na samadi au mbolea hupunguza ule wito.

Mmea ukishindwa, mlaji hulipa

Muhogo ni bingwa wa kujibana. Hufunga stomata hewa inapokuwa kavu tu, hata kama udongo bado una maji. Ukame ukiendelea huangusha majani, hubakiza machache madogo kileleni, na hukaa hivyo miezi. Mvua ikirudi huchipua upya kwa kutumia wanga wa mizizi yake, na ndiyo maana muhogo unaochimbwa baada ya mvua za kwanza huwa na majimaji na hauivi vizuri.

Lakini katika ukame mizizi hiyo pia hulimbikiza zaidi linamarini, kitu kinachotoa sianidi. Mwaka wa kawaida sumu hiyo hutolewa kwa kuloweka, kuvundika na kukausha, kama watu wa Kanda ya Ziwa wanavyofanya udaga. Mwaka wa njaa, siku za kuvundika hupunguzwa kwa sababu watoto wanalia, na chakula chenye protini, kinachousaidia mwili kuizima sianidi, kimekosekana. Hapo hutokea konzo: miguu hukakamaa ghafla, na haiponi. Iliandikwa kitaalamu Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981, katika ukame mkali, iliwapata watu zaidi ya 1,000 jimbo la Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ikazuka Tarime.

Mahindi nayo yana deni lake. Kuvu anayetengeneza sumukuvu hupenda joto na ukavu, na hindi lililokuwa na kiu wakati wa kujaza punje huwa na kinga dhaifu na maganda yenye nyufa ambazo wadudu hupenya. Hivyo sumu inaweza kuanzia shambani, kabla ya ghala. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa katikati ya janga hilo. Mwaka 2016 wakafa 20 Dodoma na Manyara.

Ushauri wa kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13 na kuyaweka juu ya turubai ni sahihi, ila unaanza baada ya kuvuna. Aliyeona upande mmoja wa shamba lake ukijikunja mpaka alfajiri wakati wa ndevu, anajua tayari ni mahindi yapi yalikuwa hatarini. Ayavune na kuyakausha peke yake, aondoe punje zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, na zile asizigeuze pumba za kuku wala asizipeleke kwenye pombe, maana sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa.